Deni la Ng'ombe

Wiki ya pili baada ya kurudi Molo, Mama alinipa debe la mahindi nikayasage. Nikajitwika, nikashika njia ya kisiagi cha jirani kilicho mita kama mia tatu kutoka langoni kwetu, ambacho nilikuwa nikikisikia kikinguruma tangu asubuhi. Mama akaniita kutoka jikoni. "Si hapo. Nenda cha barabarani."

Cha barabarani ni kilomita tatu, kupanda na kushuka. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2023, mvua ilikuwa imeanza, na udongo wa kwetu ukilowa hung'ang'ania kiatu mpaka mguu unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nikauliza kwa nini. "Nimesema cha barabarani," akajibu, akarudi kwenye meko yake. Nilikuwa na miaka 38, nimeishi Nairobi miaka 15, nimepunguzwa kazini baada ya kampuni niliyoiwekea hesabu kuishiwa na wateja, nami nilikuwa nimerudi kumwangalia mama mwenye magoti mabovu. Nikaenda cha barabarani.

Njiani niliwakuta akina mama wengine watatu wamebeba mahindi, na wote walikuwa wamekipita kisiagi cha karibu. Upande wa pili wa barabara walikuja wengine wakielekea nilikotoka mimi. Tukasalimiana vizuri. Hakuna aliyeona ajabu kwamba tunapishana na debe vichwani, kila mmoja akikimbia mashine iliyo mlangoni pake.

Kisiagi cha karibu ni cha kijana wa Kogo. Kogo ni neno la Kikalenjin la nyanya, na tulimwita hivyo tangu nilipokuwa mdogo kwa sababu alipata wajukuu mapema. Wao ni Wakipsigis, mojawapo ya jamii za Wakalenjin, sisi ni Wakikuyu. Shamba lao na letu yanatenganishwa na kijito ambacho mtu huruka bila kukunja suruali.

Kwa asiyeijua Molo, ni mji wa baridi, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye reli ya zamani inayotoka Nakuru kupitia Njoro na Elburgon kwenda Kisumu, ile iliyofika ziwani mwaka 1901. Mwezi wa Julai ukungu huamka na watu na huenda shuleni na watoto. Baridi hiyo ndiyo iliyotulisha, kwa sababu pareto haichanui vizuri penye joto. Nilikua nikichuma pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu. Vidole vinapita kati ya mashina, unachomoa kichwa cha ua peke yake, cheupe chenye jicho la manjano, unatupia kikapuni, na baada ya wiki mbili unarudi safu ileile. Kilo nne au tano za maua mabichi zikikauka hubaki kilo moja, kwa hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba kikapu kilichojaa bado si pesa. Wakati ule Kenya ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya pareto yote duniani, na sisi tuliona ni jambo la kawaida, kama mvua. Karo yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye yale maua.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mbao upande wa Elburgon. Serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu yake mwaka 1999, viwanda vidogo vilifungwa kimoja baada ya kingine, na cha Baba kikawa kimojawapo. Alirudi nyumbani na kofia yake na glavu zake za ngozi, akazitundika ukutani, zikakaa hapo hadi alipofariki mwaka 2005. Pareto nayo ikaanza kuyumba. Malipo yalichelewa miezi, kisha mwaka, kisha yakawa hadithi. Mwaka 2004 Mama aliing'oa yote kwa mikono yake, akapanda viazi.

Nimewaza sana juu ya miaka hiyo tangu niliporudi. Kazi zilipokuwepo, Mkikuyu, Mkipsigis, Mkisii na Mluhya walikuwa na msimamizi mmoja wa kumlalamikia. Walikunywa chai kwenye kibanda kimoja wakimsema. Kazi zilipokwisha ikabaki ardhi tu, na juu ya ardhi mtu humlalamikia jirani. Hata hivyo, sisemi umaskini ndio ulioleta vita. Nyumba za kwetu zilichomwa mara ya kwanza mwaka 1992, pareto ikiwa bado inalipa, mimi nikiwa na miaka saba. Vita vile vilipangwa na watu waliokuwa wameshiba. Tangu wakati huo neno "madoadoa" likawa neno la kawaida vinywani mwa watu, maana yake sisi tuliohesabiwa kuwa uchafu kwenye ngozi ya nchi ya wengine.

Mwanzoni mwa Januari 2008, siku chache baada ya matokeo ya urais kutangazwa, tuliona moshi upande wa Kuresoi, halafu karibu zaidi. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, mimba ya miezi saba. Lori la kutuchukua lilikuwa linapakia watu na magodoro, na hakuna nafasi ya ng'ombe mwenye mimba juu ya lori la wakimbizi. Usiku ule Mama alivuka kijito na kamba mkononi. Nilimfuata. Kogo alitoka nje bila taa, akaipokea kamba, akasema, "Nitamtunza mpaka mrudi." Mama akamwambia huyu ng'ombe hupenda kupigwa mgongoni kabla ya kukamuliwa, la sivyo hubana maziwa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana kwa miaka 15.

Tulikaa kwenye kambi ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mei serikali ikaanza ile Operesheni Rudi Nyumbani, na Juni Mama akarudi. Alipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Nyumba yetu ilikuwa imebaki kuta. Ng'ambo ya kijito, kwenye zizi la Kogo, ng'ombe mweusi hakuwepo.

Mama hakuuliza. Wiki ileile kulikuwa na baraza, viongozi walikuja na magari na vipaza sauti, wakasema yaliyopita si ndwele, watu wakaombwa wasimame washikane mikono. Mama na Kogo walikuwa safu moja. Walishikana mikono. Kuuliza habari ya ng'ombe siku ile kungeonekana ni kuanzisha vita upya, na siku iliyofuata pia kungeonekana hivyo, na mwaka uliofuata. Basi Mama akaanza kwenda kisiagi cha barabarani.

Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na kwetu, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Mama huniambia kwamba miili mingine iliungua hata isiweze kutambulika, wa upande huu na wa upande ule wakiwa wamekwenda na madebe yaleyale kwa umaskini uleule. Alidhani baada ya msiba kama huo watu wangezungumza. Walizika, wakanyamaza.

Mimi nilikuwa nimekwenda Nairobi, na kwa mbali niliiona Molo kupitia siasa tu. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto walipoungana, Wakikuyu na Wakalenjin wa kwetu wakapiga kura pamoja, nami nilifurahi kwa dhati. Nilimpigia Mama simu nikamwambia mambo yamekwisha. Akaniuliza, "Yamekwisha vipi?" Sikuwa na jibu ila majina ya hao wawili. Machi 2018 Uhuru na mpinzani wake Raila Odinga wakasalimiana kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais, na muda si mrefu Ruto aliyekuwa ndugu yetu akawa adui tena, angalau katika simu zetu. Nilikuwa kwenye kundi la ukoo. Nilipokea sauti zilizorekodiwa zikisema "hao watu" wanatusubiri, nikazituma mbele bila kujua nani amezisema. Nilizituma zaidi ya mara moja. Baadhi zilimfikia mama yangu, mwanamke anayelala peke yake mita mia tatu kutoka kwa hao watu, na usiku alioupokea ule ujumbe hakulala. Aliniambia hilo baada ya mimi kurudi, na nimelibeba. Mwaka 2022 tukampigia kura Ruto kwa wingi, "hao watu" wakawa wetu tena. Kila mara undugu wetu ulifika kutoka Nairobi ukiwa umeshafungwa, na kila mara ukarudishwa Nairobi bila sisi kuulizwa.

Jumapili ya Julai 2, 2023, Rais Ruto alikuja Molo kanisani, akatangaza kwamba ile marufuku ya ukataji miti iliyowekwa tena Februari 2018 imeondolewa. Nilikuwa mjini siku hiyo. Niliona wanaume wa rika la Baba wakikumbatiana kando ya barabara, mmoja akilia bila kujificha. Jumatatu yake watu walitoa misumeno iliyokuwa imefungwa kwenye magunia wakaipaka mafuta. Mwezi wa Agosti mahakama ikasimamisha tangazo lile kwa muda. Ninaelewa wanaoutetea msitu wa Mau, maana mto ukikauka tutakauka nao, na ninaiheshimu mahakama. Lakini niliwaona wale wazee wakirudisha misumeno kwenye magunia, na kwenye vituo vya bodaboda maneno yakaanza: ni wale wamefanya hivi, ni kwa sababu ya wale. Kituo cha juu kina vijana wa upande mmoja, cha chini wa upande mwingine, na abiria hujua apande wapi.

Ni katika wiki hizo nilivunja amri ya Mama. Mvua ilikuwa kubwa, debe lilikuwa zito, nikaingia kisiagi cha karibu. Kijana wa Kogo akanipimia bila neno. Kwenye benchi, karibu na ukuta mweupe kwa unga, alikaa Kogo amejifunika shuka. Alikuwa amekonda. Akanitazama hadi nikainamisha kichwa kumsalimu.

"Wewe ni msichana wa ng'ambo," akasema. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Kogo. Ni magoti tu."

Akanyamaza mpaka mashine ikazimwa. Kisha, bila mimi kuuliza chochote, akasema: "Yule ng'ombe nilimuuza."

Nikaweka debe chini.

Alisema ng'ombe alizaa Machi, ndama akafa. Watu wa upande wake walikuwa wanamuuliza kwa nini anakamua ng'ombe wa wale walioondoka, kama anawangoja. Mwanawe mkubwa alikuwa na jeraha la mshale lililooza. Akamuuza ng'ombe sokoni kwa shilingi 14,000, akalipa hospitali. "Lakini si hayo tu, mwanangu," akasema. "Nilidhani hamrudi. Na moyo wangu mwingine ulitaka msirudi, nipate lile shamba la chini lenye maji. Halafu mkarudi. Nikaambiwa kwenye baraza nimesamehewa. Nilisamehewa kabla sijasema nilichofanya. Ningeanzia wapi?"

Nimehudhuria mikutano mingi ya amani tangu nirudi. Imekuwa na chakula, fulana na kadi za majina kifuani. Sijawahi kumsikia mtu hata mmoja akisema jambo kama lile, kwamba alitaka tusirudi. Nilikasirika, bila shaka. Lakini nilipofika nyumbani niligundua kwamba kwa mara ya kwanza simwogopi, kwa sababu nilikuwa nimejua kilichokuwa moyoni mwake, na hakikuwa kile kilichosemwa kwenye zile sauti nilizokuwa nikizituma.

Nilimwambia Mama neno kwa neno. Hakujibu. Aliendelea kumenya viazi, akamaliza, akamenya vingine ambavyo hatukuvihitaji. Wiki tatu zikapita. Asubuhi moja alijifunga kitambaa kizuri cha kanisani, akachukua fimbo yake, akaniambia nimshike mkono tuvuke kijito.

Nilitarajia machozi. Mama alikaa kwenye kigoda, akakataa chai, akauliza: "Ulimuuza kwa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ulidanganywa. Yule alikuwa wa elfu ishirini na tano, na bei ya wakati ule."

"Ilikuwa vita, dada. Nani angenipa ishirini na tano?"

"Vita havikuwa ndani ya ng'ombe."

Walibishana asubuhi nzima. Mama alitaka kuhesabu ndama ambao angezaa, Kogo akataka kuhesabu majani na dawa ya kupe ya miezi ile aliyomtunza. Kuna wakati Mama alisimama aondoke, na mimi nikaogopa kwamba nimeharibu hata ule ukimya uliokuwapo. Kogo akamwambia, "Keti. Nikifa na jambo hili utamdai nani?" Mama akaketi. Sauti zilipanda, majirani wakaja kusimama uani, wa pande zote, kimya kabisa. Nadhani walikuwa wanahesabu vya kwao. Hakuna familia pale isiyo na bati, jembe, mlango au kuku wake ambaye inajua aliko.

Wakafikia 20,000. Kogo hakuwa na pesa, ila alikuwa na ng'ombe wawili. Maziwa kwetu wakati huo waliyahesabu shilingi 50 kwa lita. Wakakubaliana lita moja kila siku, siku 400, kuanzia Novemba mosi 2023. Hapo ndipo Mama alipokubali chai.

Mjukuu wa Kogo ndiye huleta maziwa akienda shuleni. Huacha mkebe langoni, hupiga mluzi. Mama hutoka na kalamu, hutia mstari kwenye kalenda ya ukutani, palepale glavu za Baba zilipokuwa zimetundikwa. Kuna wakati ng'ombe wa Kogo walipoacha kutoa maziwa kabla ya kuzaa, siku 41 zilipita bila mstari, na Mama akazungushia duara kila moja ili zilipwe mbele. Mwanzoni nilimwona mkali kupita kiasi. Kogo mwenyewe alinikataza kumwombea: "Mwache ahesabu. Akihesabu najua inapungua."

Mambo mengine yalifuata, si kwa haraka. Tulikuwa tunauza viazi kwa madalali kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu hadi linabeba nusu gunia zaidi kwa bei ileile. Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini ukiwa na magunia sita tu dalali hukucheka, maana anajua Shangi, aina ya viazi tunayopanda, haikai ghalani. Wiki chache tu inachipua, utauza utake usitake. Kijana wa Kogo naye alikuwa na magunia yake manane, na wengine wawili wa kila upande. Tulipoyaweka pamoja, lori lilikuja lenyewe, tukapima kwa mizani, kilo 50, hakuna kilemba. Haikuwa kila msimu. Mara moja mmoja wetu alimuuzia dalali usiku, na alikuwa wa upande wangu, tukaaibika mbele ya wengine. Lakini alilaumiwa kwa jina lake, si kwa jina la kabila, na hilo nililisikia kwa masikio yangu.

Nimepanda pia robo ekari ya pareto, mahali palepale Mama alipoing'oa. Alinitazama nikichimba, akasema nafasi kati ya safu ni ndogo. Alikuwa sahihi, nikarudia.

Oktoba 2024 siasa ikageuka tena. Bunge lilipiga kura kumwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, Mkikuyu kama sisi, tarehe 8, na usiku wa tarehe 17 Seneti ikamwondoa. Usiku ule simu yangu haikutulia. Kundi la ukoo lilijaa sauti zilezile, na baadhi naapa zilikuwa ni zile za zamani zilizofufuliwa. Sikutuma hata moja. Nilimwandikia binamu yangu wa Nairobi nikamwomba akumbuke shangazi yake analala wapi. Hakupenda.

Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa ya ukungu mzito. Mjini, niliambiwa, vituo viwili vya bodaboda vilikuwa vinarushiana maneno. Kisiagi kilikuwa kimya. Saa kumi na mbili na nusu, wakati wa kawaida, hakuna aliyepiga mluzi. Saa moja ikapita. Mama alikuwa ameketi karibu na kalenda, kalamu mkononi, hasemi. Nilijifanya nafagia uani ili nitazame njia ya kijito.

Saa mbili kasoro robo nikasikia fimbo kwenye mawe. Alikuwa Kogo mwenyewe, bila mjukuu, viatu vimelowa hadi vifundoni, mkebe ameufunika kwa ncha ya shuka yake. Alisema wamemzuia mtoto asiende shuleni leo hadi waone mambo yatakavyokuwa.

Mama akaupokea mkebe, akaufungua, akatazama ndani.

"Haujafika lita," akasema.

"Umemwagika kijitoni. Nitajaza kesho."

Mama akaigeukia kalenda, akatia mstari wa 312, mfupi kuliko mingine. Kisha akamvutia Kogo kigoda karibu na moto.

Mimi nikachukua debe la mahindi, nikaenda kuona kama kijana wa Kogo amewasha mashine.